Doa la rangi kwenye bodi ya gari: maji, mafuta ya taa, udongo, kampaundi au fundi?

Idi ikikaribia, nusu ya Ngamiani, hapa kwetu Tanga, hupakwa rangi upya. Kuta, mageti, mabaraza, milango ya maduka, vyote vinang'aa. Mji unapendeza, lakini kwa mwenye gari huo ndio msimu wa madoa. Umeegesha chini ya ngazi ya mpakaji, unakuta matone meupe kwenye boneti. Mtaa ni mwembamba na geti la jirani bado bichi, mlango wako unaondoka na mstari wa kijani. Au karakana ya mtaa wa pili walikuwa wanapuliza rangi, upepo ukaibeba, na asubuhi bodi nzima inakwaruza kiganja kama imemwagiwa chumvi.

Gari langu ni la bluu iliyokolea, limetoka Japani likiwa limetumika kama mengi tunayoendesha, na limepitia yote matatu. Doa la kwanza ndilo lililonifundisha. Lilikuwa tone la rangi nyeupe, ukubwa wa sarafu, kwenye bampa la nyuma. Nilikuwa na haraka. Nikasimama mahali wanapoosha magari, kijana akachovya tambara kwenye tina, kile kiyeyushi kikali cha rangi, akafuta. Likatoka papo hapo, nikamshukuru, nikaondoka. Siku ya pili pale mahali pakawa na ukungu kama kioo kilichohemewa, na ukipitisha kidole kinakwama. Kumbe bampa lile liliwahi kupakwa upya kabla gari halijafika kwangu, kwa rangi isiyotiwa hadina, yaani dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, na tina ikaila. Nikalipa kupaka bampa zima kwa ajili ya tone moja.

Tangu siku ile sianzi kwa kuuliza nitumie dawa gani. Naanza na maswali mawili: hili doa ni rangi ya aina gani, na limekaa juu ya nini?

Unachokigusa

Rangi ya kiwandani ina tabaka kadhaa. Juu ya bati kuna rangi ya kuzuia kutu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi wanaiita klia. Zote kwa pamoja, unene wake kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, yaani kama karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50 hivi. Hiyo ndiyo inayobeba mng'ao wote wa gari, na ndiyo inayozuia jua la pwani lisiichome rangi iliyo chini yake. Ukiimaliza, imekwisha, hairudi kwa kupaka nta.

La kushukuru ni kwamba doa la rangi ngeni mara nyingi limekaa juu ya klia, halijaingia ndani. Fundi mmoja mzee pale Ngamiani aliuangalia ule mstari wa kijani mlangoni kwangu, akapitisha ukucha mara mbili, akasema, "Mwanangu, hii imepanda juu tu. Usiikasirikie." Kipimo chake ni rahisi. Ukucha ukipanda juu ya kitu, doa liko juu. Ukucha ukizama kwenye mfereji, chini ya doa kuna mkwaruzo, na hapo hakuna dawa ya kufuta itakayoujaza. Kwa vidoa vidogo vya kupulizwa, osha bodi, kisha vaa mkononi kifuko chembamba cha plastiki kama kile cha kufungia mkate na upapase taratibu. Utahisi chembe ambazo jicho halizioni.

Vigezo

Nimezipima njia tano kwa maswali yaleyale: inatoa doa gani, inakula klia kiasi gani, inagharimu nini na vitu vinapatikana wapi, ukikosea, je, kosa linarudishika, na inamfaa nani.

Yapo masharti yasiyobadilika kwa njia yoyote. Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi, maana huku kwetu bodi haikosi mchanga na ukungu wa chumvi. Egesha Raskazone, kando ya bahari, jioni moja tu uone kioo kinavyokuwa. Ukisugua mchanga ule, umejipigia msasa mwenyewe. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa kiasi cha kuwekea mgongo wa mkono bila kuutoa. Na jaribu kwanza mahali pa siri: ndani ya fremu ya mlango, au chini ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kumbuka tu kwamba sehemu ya siri inaweza kuwa bado na rangi ya kiwandani wakati mlango au bampa limepakwa mtaani. Ukishuku hivyo, jaribu kwenye ukingo wa chini wa kipande kilekile chenye doa.

Maji ya moto, sabuni na subira

Hii inadharauliwa sana, na mimi naipenda kuliko zote. Kazi yake ni rangi ya maji, ile ya kupakia kuta. Ikiwa bado haijakauka, maji ya kawaida na sabuni ya maji yanatosha, hata katikati ya barabara. Ikishakauka haiyeyuki tena kwenye maji, lakini joto huilegeza. Chovya kitambaa laini kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kilaze juu ya doa, kibadilishe kinapopoa, uendelee hivyo kwa dakika 20 hivi. Kisha sukuma ukingo wa doa kwa ukucha uliofunikwa na kitambaa hichohicho. Ukiwa na bahati utaona ganda likiinuka pembeni kama gamba la changu, halafu linabanduka zima zima. Matone manne ya boneti yangu yalitoka hivyo. La tano liligoma, nikalihamishia njia ya pili.

Chokaa ina tabia yake. Sisi wenye mawe ya chokaa mpaka Amboni tunaipaka kila mahali. Chokaa mbichi ni kali na ikiachwa siku nyingi inaweza kuidhuru klia, kwa hiyo imwagie maji mengi mapema, bila kusugua, maana ina chembe. Ikishakuwa ngumu, siki ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huiyeyusha. Weka kitambaa chenye siki dakika chache, suuza vizuri, rudia.

Klia hailiwi hata kidogo. Gharama ni birika la maji. Kosa pekee ninaloliona ni la chombo: watu hushika stilwaya, kumbi la nazi au dodoki la mkonge. Mkonge ni fahari yetu, lakini viwandani nyuzi zake hutengenezewa magurudumu ya kung'arishia chuma. Hebu fikiria zitaifanya nini klia. Sabuni ya unga nayo iache, chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Njia hii inamfaa kila mtu kama hatua ya kwanza. Haimfai mwenye rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka. Huyo atachosha mikono bure.

Viyeyushi: mafuta ya taa, spiriti, tina

Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu huvizungumza hivi vitatu kama ndugu, kumbe nguvu zao zimepishana mbali.

Mafuta ya taa ni mpole. Yanafaa kwa rangi ya mafuta ambayo bado mbichi au ina siku chache, na yanatoa lami vizuri sana, ile inayorukia fenda barabara inapotengenezwa. Hayakauki haraka, kwa hiyo yanakupa muda wa kufanya kazi, ila huacha utando ambao lazima uoshwe kwa sabuni. Rangi ya mafuta iliyokomaa miezi mitatu juu ya bodi haitayasikia.

Spiriti ya duka la dawa inalegeza rangi ya maji iliyogoma, na ndiyo iliyomaliza lile tone langu la tano. Inaruka haraka, haiachi mafuta. Kwenye klia ya kiwandani, ikiguswa na kufutwa, haina shida. Usiiache imelowesha mahali kwa muda mrefu.

Tina ni mkali. Ni mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya kuyeyusha rangi ya kupuliza, na haijui ipi ni yako na ipi ni ngeni. Klia ya kiwandani iliyoiva kwenye tanuri inaweza kuvumilia mguso wa sekunde chache. Rangi ya mtaani isiyotiwa hadina haivumilii hata hizo. Taa za mbele za magari ya sasa ni plastiki, na tina huzipasua nyufa ndogondogo zisizotoka tena. Bampa, vishikio vyeusi, raba za milango, vyote viko hatarini. Maoni yangu ni kwamba tina ibaki mikononi mwa fundi rangi anayejua bodi imepakwa nini. Petroli nayo isitumike: mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo, na jiko la mkaa halikosekani uani. Oili ya breki ndiyo usiiguse kabisa, inachuna rangi.

Namna ya kutumia viwili vya kwanza ni moja. Weka kiyeyushi kwenye kitambaa, usimwage kwenye bodi. Kilaze juu ya doa nusu dakika, futa kuelekea katikati ya doa ili lisitapakae, geuza upande safi wa kitambaa, rudia. Baadaye osha kwa sabuni, kausha, upake nta, kwa sababu nta iliyokuwepo imeondoka pamoja na doa. Vaa glovu, kaa penye hewa, mbali na moto.

Vyote hivi ni vya bei ya chini na vinapatikana mtaa wowote wa Tanga. Klia haipungui iwapo umechagua sahihi. Ukikosea, kosa la mafuta ya taa linaoshwa, kosa la tina linapakwa rangi upya. Vinamfaa mtu mwenye doa moja au mawili, anayejua rangi iliyomrukia, na mwenye subira ya kujaribu mahali pa siri kwanza.

Udongo wa kusafishia bodi

Huu si udongo wa shambani. Ni kipande laini kama chapati mbichi, chimbuko lake Japani, kilichotiwa chembe ndogo sana za kunyakua uchafu uliong'ang'ania juu ya klia. Kwa rangi iliyoletwa na upepo kutoka karakana, sijaona njia ya nyumbani inayoukaribia.

Unakata kipande kidogo, unakipapasa kiganjani mpaka kiwe bapa, unalowesha bodi kwa maji yenye shampuu ya gari, unakitelezesha bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia mkwaruzo mdogo chini ya vidole. Endelea palepale, na ghafla sauti inakatika, udongo unateleza kama juu ya kioo. Hapo pamekwisha, songa mbele. Ukigeuza kipande utaona vinukta vya rangi vimenasa. Kikunje ndani upate uso safi. Kikidondoka chini, kitupe chote, hata kama kilikuwa kipya. Mchanga ulionasa haukung'utiki.

Udongo hauli klia kama kampaundi, ingawa kwenye rangi nyeusi au bluu unaweza kuacha mistari midogo inayoonekana juani. Mistari hiyo inarudishika kwa polishi nyepesi. Bei yake ni kubwa kuliko spiriti na mafuta ya taa, lakini kipande kimoja kinafanya kazi mara kadhaa. Usipokipata madukani mjini, agiza Dar, mabasi ni ya kila siku. Kwa tone nene haufai, utausugua mpaka uchoke. Unamfaa aliyepuliziwa gari zima na mwenye nusu siku ya kukaa nalo.

Kampaundi na polishi

Ile alama ya geti, ya nguzo, au ya bampa la gari lingine lililokuchuna, hasa rangi ikiwa imekauka, mara nyingi huishia hapa. Kampaundi ina chembe za kusugua. Inatoa doa kwa kulikwangua, na pamoja nalo inaondoka na maikroni chache za klia. Ukikumbuka klia yote ni 35 hadi 50, utaelewa kwa nini gari linalopigwa kampaundi kila mwezi ili ling'ae hufika siku likabaki na mabaka meupe juu ya boneti.

Anza na polishi laini. Ikishindwa, panda kwenye ya kati. Tumia kitambaa cheupe, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: angalia rangi inayokuja kwenye kitambaa. Doa langu lilikuwa la kijani. Kitambaa kikitoka na kijani, niko salama, naendelea. Kikianza kutoka na bluu, hiyo ni rangi ya gari langu, nasimama. Ama klia imekwisha, ama kipande kile hakikuwahi kuwa na klia.

Kwa mkono ni vigumu kufanya uharibifu mkubwa. Kwa mashine ni rahisi, hasa ile inayozunguka tu bila kuyumba, kwenye kingo na mikunjo ya mlango ambako rangi ni nyembamba. Kama anayeishika hajawahi, asijifunzie kwenye gari lako. Msasa wa maji ulio laini sana, namba 2000 au 3000, upo pia, na mafundi wazuri wanautumia, lakini kwangu huo ni wa mikono iliyozoea.

Gharama ni ya kati, chupa inakaa muda mrefu. Kosa dogo linang'arishwa, kosa la kutoboa klia halirudi bila kupaka. Inamfaa mwenye alama ya kugusana isiyozama ukucha, kwenye rangi ya kiwandani.

Fundi rangi

Ukucha ukizama, au ukiona praima ya kijivu au bati, acha kufuta. Kwa hewa yetu ya bahari, bati lililo wazi halichukui siku nyingi kuanza kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima iliyo jirani. Ukingoja zamu ya fundi, paka hata rangi ndogo ya kugusia ili pazibwe.

Kabla ya kukubaliana, tafuta namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha chumba cha injini au nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Tarakimu zilizo kabla ya mstari ndizo za rangi, mfano 040 ni nyeupe inayoonekana kila kona. Muulize fundi mambo matatu: anatumia rangi yenye hadina? Klia ataipuliza kipande kizima au kiraka tu? Na anapuliza ndani au nje? Anayepuliza nje upepo unavuma atakurudishia gari lenye vumbi ndani ya klia, na atawapa majirani zake kazi ya udongo.

Ndiyo njia ya gharama kubwa, na kosa lake, rangi isiyolingana, linaonekana kila jua likipiga. Lakini kwa mkwaruzo uliofika chini ni njia ya haki, na wanaojaribu kuuficha kwa kampaundi huongeza tu upana wa jeraha.

Kwa hali yako

Rangi imedondoka leo na unaiona bado laini: usiende popote, maji na sabuni kama ni ya ukutani, mafuta ya taa kama ni ya geti.

Tone la rangi ya maji lililokauka: kitambaa cha moto, kisha spiriti. Usiruke hatua ya kwanza.

Gari ni la mtumba na hujui historia yake, hasa bampa: hesabu kwamba limewahi kupakwa. Tina iwe marufuku, na kampaundi ijaribiwe kwanza kwenye ukingo wa chini.

Bodi nzima inakwaruza baada ya jirani kupuliza rangi: udongo, kivulini, kipande kwa kipande. Vioo pia vinasafishika kwa udongo huohuo.

Alama ya geti au ya gari lingine, ukucha haukwami: mafuta ya taa kwanza yaondoe yanachoweza, polishi kwa mkono imalizie. Mstari wangu wa kijani ulichukua saa moja na nusu kwa mpango huo, na leo lazima nikuonyeshe kwa kidole ndipo ujue ulikuwa wapi.

Gari la biashara linalogusana na nguzo kila wiki: usilipige kampaundi kila mara. Futa kwa viyeyushi vipole, ziba palipofika bati, na kazi ya fundi ikusanye ifanyike mara moja.

Unataka kuliuza mwezi ujao na una doa moja mlangoni: jaribu njia mbili za kwanza tu. Zikishindwa, mwache mnunuzi alione doa. Doa anaweza kulitoa mwenyewe, klia iliyotobolewa hataweza.